Hans Meyer, aliyeona mapema barafu ya Kilimanjaro ikipungua

Ukiwa kwenye mashamba ya mpunga Chekereni, Moshi, Mlima Kilimanjaro unauona pale juu. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer, Mjerumani aliyezaliwa 1858, alifika kileleni na Ludwig Purtscheller wa Austria. Ndio wa kwanza kurekodiwa.

Aliporudi 1898, miaka tisa tu baadaye, alikuta barafu imepungua. Alifariki 1929, lakini barafu iliendelea kuyeyuka. Kati ya 1912 na 2000, takriban asilimia 80 ya eneo lake ilitoweka, hewa ikizidi kukauka na dunia kupata joto.

Maji ya mpunga wa Chekereni yanategemea zaidi mvua ya msituni kuliko barafu. Msitu ukikatwa na mvua ikiyumba, mpunga nao utakauka.