Herbert Frood: Mwasisi wa Lainingi za Breki

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru huuwazia mteremko wa Nithi kabla hajaufikia. Baada ya Chuka, mazungumzo garini hufifia na masikio huelekezwa kwenye breki. Mnamo Julai 2022 basi liliporomoka hapo kutoka darajani, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Mahali kama hapo, uhai wa abiria hutegemea kipande chembamba kinachosugua chuma, ambacho mafundi wetu hukiita lainingi. Makala haya yanamsimulia mwanzilishi wake, Herbert Frood.

Frood alizaliwa Uingereza mwaka 1864. Alikuwa wakala wa biashara, na shughuli zake zilimzungusha katika vilima vya Derbyshire. Huko aliwaona wakulima wakitumia viatu vikuukuu kuzuia magurudumu ya mikokoteni yao kwenye miteremko. Bila shaka wengi walikuwa wameliona jambo hilo. Frood, hata hivyo, alitaka kujua ni kitu gani kingeshika vizuri zaidi kuliko kiatu.

Mwaka 1897, katika kijiji cha Combs, alianza majaribio nyumbani kwake. Aliunda mtambo uliozungushwa kwa nguvu za maji, akapima malighafi moja baada ya nyingine: ipi inashika, ipi inaungua, ipi inalika upesi. Pamba iliyofumwa na kulowekwa kwa vigandishi ilifaa magari ya farasi. Mwaka 1902 alihamishia kazi yake katika mji jirani wa Chapel-en-le-Frith. Jina la bidhaa zake, Ferodo, alilipata kwa kupangua herufi za jina lake na kuongeza moja.

Motokaa zilileta mtihani mpya. Kadiri zilivyoongeza mwendo ndivyo joto la breki lilivyozidi, na pamba ikaungua. Mnamo 1908 Frood aligeukia asbesto, nyuzi za madini zisizoshika moto. Lainingi hizo zilistahimili joto, na kwa miongo mingi asbesto ikatawala breki za magari duniani.

Lakini asbesto ilikuwa na siri yake. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, mapafu yake yakiwa yameharibiwa na vumbi. Frood mwenyewe alifariki mwaka 1931, mwaka uleule Uingereza ilipotunga kanuni za kwanza za kudhibiti vumbi hilo viwandani. Ilipofika 1999, nchi hiyo iliipiga asbesto marufuku.

Kwa hakika, Frood aliwafunza watengenezaji wa magari kupima kabla ya kuamini. Hata hivyo, mtambo wake ulipima mshiko na joto tu. Haukupima pumzi ya mfumaji wala ya fundi anayepuliza vumbi la breki kuukuu. Abiria anayevuka Nithi salama anamdai Frood shukrani. Na deni la wale waliovuta vumbi lile halina budi kuandikwa katika daftari hilohilo.