Livingstone na Mlio wa Masikio

Andiko: 1 Wafalme 19:9–13

Jumapili tulisoma vile Eliya hakumpata Mungu kwenye upepo, tetemeko wala moto, akamsikia katika sauti ndogo ya utulivu. Wiki hii nawaletea mtumishi aliyekulia katikati ya kelele: Daktari David Livingstone.

Alizaliwa mwaka 1813, Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, kuunga nyuzi zilizokatika, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mashine zilinguruma kutwa. Yeye aliweka kitabu juu ya mashine, akipita anasoma sentensi moja, akirudi anasoma nyingine. Akasoma hadi akawa daktari na mmishonari, akafika Afrika mwaka 1841.

Huku malaria ilimwangusha mara nyingi. Dawa yake ilikuwa kwinini. Wagonjwa aliwapa kidogo kidogo, kila saa mbili hivi, mpaka masikio yalie au yazibe. Mlio ndio ulikuwa kipimo chake kwamba dawa imeingia. Mapema mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, naye akaona ni kama amehukumiwa kifo. Hata hivyo akaendelea na safari.

Livingstone alijua mlio wa masikio ni ujumbe. Mimi sikujua. Spika zetu kubwa ni mimi niliyezipigia hesabu nikazinunua, nikiamini sauti kubwa huvuta watu. Baada ya kesha la Desemba nililala masikio yakipiga mluzi, nikadhani ni upako! Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akaniambia wake haujanyamaza mpaka leo. Nilikosa la kusema.

Mlio wa kwinini kwa kawaida hupotea dawa ikiisha mwilini. Wa kelele unaweza kubaki, kwa sababu vinyweleo vidogo ndani ya sikio vikifa havioti tena. Hesabu ni hii: sauti ya desibeli 85 sikio huvumilia saa 8, kila ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ikifika 100 ni dakika 15 tu. Ibada yetu ni saa ngapi?

Kwa hiyo kuanzia Jumapili hii tunapunguza sauti, na watoto hawatakaa karibu na spika. Timu ya sifa, na nyinyi ndugu zangu wa boti za Mokowe mnaoshinda na injini, tafuteni vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haitoshi. Mlio usipoisha, tutaomba pamoja, na hospitali pia uende. Ukiziba sikio moja ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Livingstone alifariki Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Walikuwa wamemkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Hapakuwa na spika pale, na Mungu alimsikia.