Joy Adamson na Simba Aliyelelewa Isiolo

Jina la Joy Adamson si geni kwa wakazi wa Isiolo, hasa wazee. Babu yangu alipokuwa mvulana wa kuchunga mbuzi, aliona kwa macho yake Land Rover ikipita, na juu ya paa amelala simba jike, ametulia kama paka jikoni. Mbuzi walitawanyika, naye babu akawa wa kwanza kukimbia! Tangu siku hiyo ana swali moja: ikiwa simba yule aliweza kuishi na watu nyumbani, mbona ndugu zake wangali wanatuvamia zizini? Mwaka jana tulipoteza mbuzi wanne, na karo yangu ilikuwa humo humo. Basi niliposoma maisha ya mama huyu nilikuwa nikimtafutia babu jibu.

Joy alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 huko Troppau, mji uliokuwa chini ya Austria na ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kwanza lilikuwa Friederike Viktoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, akawa mchoraji hodari wa maua na baadaye wa watu wa makabila yetu. Ndoa zake mbili zilivunjika. Mwaka 1944 akaolewa na George Adamson, bwana nyama wa upande huu wa kaskazini, aliyekuwa na makao yake hapa Isiolo.

Mwaka 1956 George alitumwa kumsaka simba aliyemuua Mborana mmoja. Simba jike akamjia mbio, akampiga risasi. Kumbe maskini alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kabisa, Elsa, akabaki na Joy.

Joy hakutaka Elsa aishie kizimbani. Walimfunza kuwinda, kazi iliyowachukua miezi mingi, wakamwachilia Meru. Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Elsa mwenyewe alikuwa akija kambini kumsalimu Joy, lakini watoto wake, wapi! Walibaki wa porini. Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa wa kupe, na watoto wakaanza kula mbuzi wa wanavijiji, hata ikabidi wahamishiwe Serengeti mwaka huo huo.

Hapo ndipo nilipopata jibu. Mwalimu wetu wa baiolojia alinieleza kuwa kuzoea watu si sawa na kuwa mnyama wa kufugwa. Elsa alizoea tu. Alichojifunza hakikuingia katika urithi wa watoto wake. Kila chembe ya mwili ina jeni nyingi, lakini hazifanyi kazi zote kwa pamoja: nyingine ziko macho, nyingine zimelala. Mwaka ule ule wa 1959, huko Urusi, Dmitri Belyaev alianza kuchagua mbweha wapole na kuwazalisha wao kwa wao. Baada ya vizazi vichache wakatingisha mikia kama mbwa, na homoni za woga zikapungua mwilini. Mwaka 2012 wanasayansi walichapisha ulinganisho wa ubongo wa mbwa na mbwa-mwitu (si wale wetu wenye madoadoa, ni wale wa nchi za baridi), na pia nguruwe na sungura pamoja na jamaa zao wa porini. Jeni zilizobadilika utendaji zilikuwa chache, tena aghalabu si zile zile kwa kila mnyama. Punda wetu wa kubeba maji naye ni wa ukoo mmoja na pundamilia wa Shaba, lakini babu zake wamechaguliwa na watu kwa takriban miaka 7,000. Jaribu kumtwika pundamilia mtungi uone!

Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka 1960, akawa maarufu duniani. Baadaye alimlea duma, Pippa, kisha chui, Penny, hapa hapa Shaba. Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba. Kumbe aliuawa na binadamu, na mahakama ikamtia hatiani kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Majivu yake yako Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa.

Nilimsomea babu haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani atakayelipa mbuzi kwa hiyo miaka 7,000 ya kuchagua simba wapole. Jioni hiyo tuliongeza miiba zizini.