James Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mbegu ya upupu

Mzee anaanza kutetemeka mkono mmoja. Mwanzoni anauficha mfukoni. Miaka inapita, mguu wa upande uleule unaanza kuburuta, uso unakosa tabasamu hata akifurahi, sauti inashuka, na akitembea anainama mbele na kupiga hatua fupi za harakaharaka kama anayesukumwa mgongoni. Majirani wanaanza kusema yao: ni pombe, ni uzee tu, amerogwa. Hospitalini ugonjwa huu unaitwa Parkinson, na jina hilo lilikuwa la mtu.

Leo tunasimulia maisha ya mtu huyo. Baadaye tutafika kwenye mmea ambao wengi wenu mnaujua kwa sababu nyingine kabisa, upupu, kwa kuwa habari ya ugonjwa huu haikamiliki bila huo.

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 huko Hoxton, siku hizo kijiji cha pembezoni mwa jiji la London nchini Uingereza. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu wa mtaa: aliuza na kuchanganya dawa, alipasua majipu, alitibu matajiri na maskini katika nyumba moja iliyokuwa pia makazi ya familia. James alijifunza kazi kwa baba yake, kama fundi anavyomfundisha mwanawe, kisha akapata mafunzo ya miezi michache katika Hospitali ya London mwaka 1776. Mwaka uliofuata alipewa nishani ya fedha na chama cha kuokoa waliozama na waliokosa pumzi, baada ya kusaidia kumrudishia uhai mtu aliyejinyonga. Baba alipofariki mwaka 1784, James alifuzu kama daktari wa upasuaji na kushika kazi palepale Hoxton. Hakuhama mtaa huo maisha yake yote.

Daktari aliyekaa mahali pamoja namna hiyo anawajua watu wake. Anajua nani alikuwa mbio na sasa anachechemea, nani aliacha kusalimia kwa mkono wa kulia. Tunaamini hapo ndipo ilipo siri ya alichokuja kukiona.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa kimya na dawa zake. Miaka ya 1790, wakati Ufaransa imempindua mfalme wake na serikali ya Uingereza ina hofu ya yaleyale, Parkinson alijiunga na chama kilichodai haki ya kupiga kura kwa watu wa kawaida. Aliandika vijitabu vya siasa kwa jina la bandia, Mzee Hubert, akilalamikia kodi, vita na hali ya maskini. Mwaka 1794 wenzake kadhaa walikamatwa wakituhumiwa kupanga kumuua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu. Parkinson aliitwa kuhojiwa chini ya kiapo mbele ya Baraza la Mfalme, waziri mkuu akiwepo. Alikiri kwamba baadhi ya maandishi yale yalikuwa yake, akawatetea wenzake, akatoka salama. Kwa wakati ule mtu angeweza kunyongwa kwa hayo.

Baadaye aliacha vijitabu vya siasa, lakini hakuwaacha maskini. Mwaka 1800 alitoa kitabu cha afya kwa watu wa vijijini, kilichoandikwa kwa lugha nyepesi ili mtu ajue la kufanya kabla daktari hajafika. Mwaka 1802 alieleza namna ya kutengeneza mkanda wa ngiri kwa gharama ndogo, kwa ajili ya vibarua wanaobeba mizigo. Alipigania pia watoto yatima waliokuwa wakipelekwa viwandani. Na kama hiyo haitoshi, alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, akaandika juu yake vitabu vitatu vikubwa kati ya 1804 na 1811, na alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha Chama cha Jiolojia cha London mwaka 1807. Katika uhai wake alijulikana zaidi kwa mawe hayo kuliko kwa udaktari.

Mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka 62, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 kuhusu kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Ndani yake kuna wagonjwa sita tu. Wa kwanza alikuwa mtunza bustani wa miaka hamsini na kitu, mtu asiyejulikana kwa ulevi, ambaye mkono wa kushoto ulianza kutetemeka naye akadhani ni kwa sababu aliutumikisha sana siku kadhaa. Wa pili na wa tatu Parkinson alikutana nao barabarani, akawasimamisha na kuwauliza. Mmoja wao alikuwa baharia wa zamani aliyeamini ugonjwa ulitokana na kulala kwenye ardhi yenye unyevu katika gereza la Hispania. Mwingine alimwona kwa mbali tu: hakuweza kusogea isipokuwa kwa kukimbia, na mtumishi alitangulia mbele yake tayari kumdaka asianguke.

Kutokana na hao sita alieleza karibu kila kitu ambacho daktari wa leo anakitafuta. Mtetemeko unaanza upande mmoja, na unakuja mkono ukiwa umetulia, si ukiwa kazini. Mwili unainama. Mwendo unageuka mbio bila mtu kutaka. Choo kinakuwa kigumu, udenda unatoka, usingizi unavurugika. Na ugonjwa unakwenda polepole, miaka kwa miaka.

Alikosea pia. Alidhani shida iko juu ya uti wa mgongo, karibu na shingo, na tiba aliyopendekeza ilikuwa kutoa damu shingoni na kutia malengelenge ili usaha utoke. Alisema akili haiguswi kabisa. Leo tunajua kwamba kwa wengine huzuni na usahaulifu huja. Lakini yeye mwenyewe aliandika wazi kwamba anakisia, akawaomba madaktari wengine waichunguze miili ya waliofariki ili ukweli upatikane. Hilo tunalihesabu kuwa jema kuliko mengi aliyoyapatia.

Alifariki tarehe 21 Desemba 1824, baada ya kiharusi kilichomnyang'anya usemi. Hakuna picha yake hata moja inayojulikana. Ukimtafuta kwenye simu utaona picha ya mzee mwenye ndevu. Si yeye, maana alifariki kabla upigaji picha za watu haujaanza. Kijitabu chake kilisahaulika kwa miaka mingi, mpaka daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipokisoma, akaongeza kwamba si kila mgonjwa anatetemeka na kwamba wagonjwa hawa hukakamaa zaidi ya kuishiwa nguvu, akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Ilikuwa miaka ya 1870.

Sasa twende India. Karne nyingi kabla ya Parkinson kuzaliwa, waganga wa Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi, waliandika juu ya kutetemeka kwa kichwa na viungo. Wao husema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, mojawapo ikiitwa vata, yaani upepo, ndiyo inayosukuma kila mwendo. Upepo ukivurugika, mwili unatetemeka: hali hiyo wanaiita kampavata. Hatusemi kwamba kila aliyeitwa hivyo alikuwa na Parkinson. Kutetemeka kuna sababu nyingi, na maelezo yao hayatenganishi kama alivyotenganisha yule tabibu wa Hoxton. Tiba yao ilikuwa kukandwa kwa mafuta, dawa za kupigwa bomba, na mbegu za mimea zilizochemshwa kwa maziwa ya ng'ombe. Mmoja wa mimea hiyo ni upupu.

Ndiyo, upupu uleule unaotambaa vichakani, wenye maganda ya manyoya yanayowasha hadi mtu atamani kujichuna ngozi. Mwaka 1937 wanasayansi wa India walipata ndani ya mbegu zake kemikali iitwayo levodopa. Wakati huo hakuna aliyejua ina kazi gani katika ugonjwa huu.

Jibu lilikuja miaka 20 baadaye, na India ilikuwa na mkono tena. Kutoka kwenye mmea mwingine wa Ayurveda, ambao Wahindi waliutumia kwa wenye wazimu na walioumwa na nyoka, ilikuwa imepatikana dawa iitwayo reserpini. Mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa hiyo wakabaki wamelegea, hawawezi kusogea. Kisha akawapa levodopa, wakaamka na kutembea. Ikaeleweka kwamba ubongo unahitaji kemikali iitwayo dopamini ili kuendesha mwendo, na kwamba levodopa ikiingia kichwani hugeuka kuwa dopamini. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba bongo za watu waliofariki na Parkinson zilikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini. Chembe zinazoitengeneza hufa kidogokidogo, na mpaka leo hakuna dawa inayozuia zisife. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 levodopa ilikuwa imeanza kuwainua watu vitandani.

Kwa hiyo waganga wale wa India walishika dawa sahihi kwa maelezo tofauti, na Parkinson alieleza ugonjwa sahihi kwa dawa isiyofaa. Wangekutana!

Hapa tunaomba msikilizaji asikimbilie shambani. Kidonge cha hospitali huwa na levodopa pamoja na dawa ya pili, mara nyingi kabidopa, inayozuia levodopa isiishie tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kichwani. Mbegu haina dawa hiyo ya pili, kwa hiyo hutakiwa nyingi, na nyingi huleta kichefuchefu na kutapika. Tena mbegu moja haifanani na nyingine kwa nguvu.

Watafiti wamejaribu. Huko London, mwaka 2004, wagonjwa wanane walipewa unga wa mbegu za upupu uliotayarishwa kitaalamu. Ulianza kazi mapema kuliko kidonge na ukadumu zaidi. Baadaye, huko Bolivia, wagonjwa 14 waliokunywa unga huo kila siku kwa wiki kadhaa walileta habari nyingine: nusu yao waliuacha, ama kwa kuumwa tumbo, ama kwa sababu mwendo ulizidi kuwa mbaya.

Na kuna la Msumbiji. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula, watu zaidi ya 200 walipatwa na wazimu wa ghafla baada ya kula mbegu za upupu. Kwa kawaida huko huchemshwa mara nyingi na maji kumwagwa, lakini maji yalikuwa adimu. Wakulima mnaopanda mukuna kurutubisha udongo mlikumbuke hilo, maana mukuna ni ndugu huyohuyo, tofauti ni kwamba hauwashi.

Karibu nasi, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye ugonjwa huu. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana Parkinson. Waliishi nao bila jina wala dawa, ingawa levodopa na kabidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa aliye na mzee wa namna hii nyumbani, mpelekeni akaonwe. Si kila kutetemeka ni Parkinson: tezi ya shingo, kuacha pombe ghafla, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huleta hali inayofanana, na hizo zina tiba zake. Akiandikiwa levodopa, ainywe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama na maharage huweza kuipunguzia nguvu. Asiiache ghafla, hata ikiisha dukani, aulize kwanza. Kama anatumia upupu au dawa yoyote ya mitishamba, amwambie daktari bila aibu, kwa sababu levodopa ya mbegu na ya kidonge zikijumlishwa huweza kumshusha presha akianguka au kumfanya aone vitu visivyokuwepo. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mrekodini kwa simu akiwa amekaa mikono ikiwa mapajani, kisha akiinuka na kutembea hatua kumi na kugeuka. Mara nyingi mtu akifika mbele ya daktari mkono hutulia, au hutetemeka kupita kawaida kwa woga.