MARIA REICHE: MAMA ALIYEFAGIA JANGWA KARIBU MIAKA 50

Leo tuwapumzishe wanasiasa na wachezaji kidogo, twende Peru, Amerika ya Kusini. Nataka niwape kisa cha mama mmoja wa Kijerumani ambaye wanakijiji walimuona kichaa, wengine wakadhani ni mchawi, halafu alipofariki nchi nzima ikamuaga kama shujaa. Anaitwa Maria Reiche.

Kwanza mjue tunazungumzia wapi. Kusini mwa Lima, mji mkuu wa Peru, kama kilomita 400 hivi, kuna jangwa la Nazca. Ni kukavu kupindukia, mvua ni ya kuhesabu. Katika hilo jangwa watu wa kale, Wanazca, walichora michoro chini ardhini. Nyingi ni za kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Na usifikirie ni vichoro vya mtoto na kijiti! Kuna tumbili mwenye urefu wa karibu mita 90, yaani ukimlaza kwenye uwanja wa mpira anakaribia kutoka goli hadi goli. Kuna buibui wa mita 46. Kuna ndege mdogo wa kule anayefyonza maua, anafanana na chozi wetu, naye kwenye mchoro anazidi mita 90. Halafu kuna mistari iliyonyooka kabisa inayokwenda kilomita kadhaa bila kupinda.

Walichoraje? Wala hakuna miujiza. Juu ya lile jangwa kuna mawe madogo yenye rangi nyeusi nyeusi kama kutu. Ukiyaondoa, chini unakuta udongo mweupe mweupe. Basi wao waliyaondoa mawe na kuyapanga pembeni, mstari ukabaki. Kwa kuwa mvua hakuna na upepo pale chini ni mdogo, mstari umebaki mpaka leo. Lakini hapo hapo ndipo penye tatizo: kitu kilichodumu miaka 2,000 kinaweza kuharibiwa na tairi la gari kwa dakika moja. Na alama ya tairi nayo haifutiki!

Sasa turudi kwa mama yetu. Maria Reiche alizaliwa Mei 15, 1903 huko Dresden, Ujerumani. Baba yake alikuwa hakimu, akauawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Binti akasoma hesabu, fizikia na jiografia. Kwa zama zile msichana kusoma hesabu chuo kikuu halikuwa jambo la kawaida. Alipomaliza, Ujerumani hali ilikuwa ngumu, kazi hakuna. Akaona tangazo la kazi Peru, akaomba. Kazi yenyewe ilikuwa kulea na kufundisha watoto wa balozi mdogo wa Ujerumani mjini Cusco. Mwaka 1932 akapanda meli, akaenda zake. Yaani msomi wa hesabu anakwenda kuwa yaya mwalimu. Vijana mnaotafuta ajira hapo mnaelewa.

Mwaka 1934 alipata kidonda kibaya kidoleni, kikaoza, ikabidi kidole kikatwe. Akabaki na vidole tisa. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Baadaye akahamia Lima. Huko aliganga njaa kwa kufundisha lugha na kutafsiri maandishi ya kitaalamu. Ndipo alipokutana na Mmarekani mmoja, Paul Kosok, mwanahistoria aliyekuwa anachunguza mifereji ya umwagiliaji ya watu wa kale. Juni 1941 Kosok alikwenda Nazca. Jua likizama, akaona linazama mwisho kabisa wa mstari mmoja mrefu. Tarehe zile ndizo za siku fupi kuliko zote za mwaka kwa upande wa kusini wa dunia. Kosok akashtuka. Akawaza, hii isije ikawa kalenda! Akamshirikisha Maria kwa sababu alijua hesabu na mambo ya nyota.

Lakini vita ya pili ilikuwa imepamba moto, na Peru ikawabana Wajerumani wasitembee ovyo. Akasubiri. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, akaingia jangwani. Kosok aliondoka Peru 1948. Maria akabaki, na hakuondoka tena mpaka uzee.

Hebu vuta picha, mdau. Mwanamke wa zaidi ya miaka 40, mwembamba mrefu, peke yake jangwani, jua linachoma. Ana ngazi, kamba, futi ya kupimia, daftari na fagio. FAGIO! Kazi yake ilikuwa kufagia vumbi na mawe yaliyoingia kwenye mistari ili michoro ionekane vizuri, halafu anapima kipande kwa kipande, usiku anachora kwenye karatasi. Alilala kwenye kijumba hakina umeme wala maji ya bomba. Sasa wewe ukimuona mzungu anafagia jangwa kila siku, utasema nini? Ndiyo maana watu walinong'ona.

Kumbe mwenzao alikuwa anafanya kazi ya maana. Ukisimama chini pale huoni tumbili wala buibui, unaona mistari tu. Yeye kwa kupima akawa anagundua wanyama mmoja baada ya mwingine. Jeshi la anga la Peru lilimsaidia picha za kutoka juu, na kuna wakati alijifunga kwenye helikopta, kwa nje, ili apige picha mwenyewe. Mwaka 1949 alitoa kitabu chake kuhusu siri ya jangwa hilo. Na yule tumbili mkubwa, mkono mmoja una vidole vinne na mwingine vitano. Jumla tisa. Sawasawa na Maria mwenyewe! Si ajabu huyo tumbili ukawa mchoro anaotajwa nao sana.

Vita yake kubwa zaidi haikuwa na jua. Ilikuwa na binadamu. Barabara kuu ya Pan-American ilipopita pale ilimkata mchoro wa mjusi katikati. Katikati ya miaka ya 1950 kukawa na mpango wa kuleta maji ili jangwa ligeuzwe mashamba ya pamba. Maana yake michoro yote kwaheri. Maria akapiga kelele, akaandika, akabisha hodi kwa wakubwa, mpango ukafa.

Halafu 1968 mwandishi mmoja wa Uswisi, Erich von Däniken, akatoa kitabu kudai kwamba viumbe kutoka sayari nyingine walishawahi kuja duniani, na mistari ya Nazca akaihusisha na uwanja wa ndege wao. Kitabu kikauzwa vibaya sana! Watu wakamiminika Nazca na magari, wakawa wanakanyaga michoro wakitafuta alama za hao wageni. Maria alichukia. Alikuwa akiwakumbusha watu kwamba ardhi ile ni laini, chombo kikitua kitazama. Na mimi naongeza: kwa nini kila kitu kikubwa kilichofanywa na watu wasio wazungu lazima kitafutiwe fundi kutoka angani? Wanazca walikuwa na kamba, vigingi vya mbao na akili zao. Vigingi vimekutwa mwisho wa baadhi ya mistari. Hao hao walijenga mifereji ya maji chini ya ardhi ambayo mingine inatumika hadi leo, na mahali pao pa ibada, Cahuachi, wakajenga piramidi za matofali ya udongo.

Maria aliona kelele hazitoshi. Fedha za vitabu vyake akazitoa kulipa walinzi. Mwaka 1976 akajenga mnara wa chuma pembeni ya barabara, ili watu wapande waone michoro bila kuikanyaga. Hata alipokuwa kwenye kiti cha magurudumu bado alikwenda kufukuza wavamizi.

Sasa tuwe wakweli. Je, ile hoja yake kwamba michoro ni kalenda kubwa ya nyota ilikuwa sahihi? Wataalamu wengi leo hawakubaliani nayo. Mwanasayansi Gerald Hawkins alikwenda Nazca akapima mistari, akatumia kompyuta, na 1968 akasema inayoelekea kwenye jua na nyota haizidi ile ambayo ingetokea kwa bahati tu. Wengine wanaona michoro inahusiana na maji, milima na ibada, watu wakitembea juu ya mistari kuomba mvua. Kwa hiyo inawezekana mama alikosea kwenye maelezo. Lakini bila yeye hao wanaombishia wangekuwa na nini cha kupima?

Uzeeni alipewa chumba cha bure kwenye hoteli mjini Nazca, jioni akawa anawahutubia watalii. Macho yalipofuka, akapata na ugonjwa wa Parkinson, dada yake Renate ambaye alikuwa daktari akawa naye. Mwaka 1993 Peru ilimpa nishani ya Jua, na 1994 UNESCO ikaiingiza michoro kwenye Urithi wa Dunia. Alifariki Lima Juni 8, 1998 kwa kansa, akiwa na miaka 95. Akazikwa jirani na jangwa lake, kwenye kile kijumba ambacho sasa ni makumbusho. Uwanja mdogo wa ndege wa Nazca una jina lake.

Je, hatari imeisha? Wapi! Desemba 2014 wanaharakati wa Greenpeace waliingia karibu kabisa na yule ndege na kuacha nyayo, huku wao ndio watetezi wa mazingira. Januari 2018 dereva wa lori akaacha barabara akapita juu ya mistari. Lakini habari njema nazo zipo: 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata cha Japani walitangaza kugundua michoro mipya 303 kwa msaada wa akili bandia. Maria alifanya yake kwa fagio na futi.

Mkimaliza kusoma tafuteni picha za tumbili wa Nazca, mtahesabu vidole wenyewe. Halafu rudini mniambie: kwenu kuna sehemu gani ya kale inayoharibika watu wakiangalia tu, na nani anaishikia fagio? Semeni hapo chini, ila bila matusi tafadhali.