Daktari Burkitt: Tabibu wa Jicho Moja Aliyeona Mbali

Mji wa Juba umekaa kando ya Mto Nile, katika nchi ya joto na mvua, kiasi cha meta 550 tu juu ya usawa wa bahari. Huenda msomaji akauliza habari hizo za joto na mwinuko zina uhusiano gani na kansa. Jibu tunalipata katika maisha ya marehemu Daktari Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini jambo hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 aliletwa Uganda na serikali ya kikoloni, akafanya kazi Lira, kisha mwaka 1948 akahamia Kampala.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Punde akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Wengine wangaliona ni sadfa tu. Yeye alipekua majalada ya wagonjwa, akakusanya picha zao, akatambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni kwa watoto wengi ulikuwa ugonjwa mmoja.

Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri maili 10,000, hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa huo hukaa nchi za chini zenye joto na mvua, na hutoweka milimani. Juba imo katika ukanda huo.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walipiga picha za chembe zake kwa hadubini ya elektroni, wakaona virusi visivyojulikana kabla. Leo twajua kwamba karibu kila mtu anavyo virusi hivyo, bali malaria ya mara kwa mara ndiyo huvifungulia mlango kwa mtoto. Tena mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Marekani ulivihusisha na maradhi ya ubongo na uti wa mgongo yaitwayo sklerosisi.

Burkitt aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na baadhi yao wakapona kabisa. Alifariki mwaka 1993.

Sisi tuishio katika ukanda wake tumeachiwa wajibu. Mtoto akilegea meno na taya likavimba, tusingoje wala tusidhani ni jino bovu tu. Tumpeleke hospitali mapema, kwani uvimbe huo hukua upesi mno, lakini ukiwahiwa hutibika.