Henryk Sienkiewicz na Binti wa Nyumba ya Aulus

Henryk Sienkiewicz alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 katika kijiji cha Wola Okrzejska, Poland. Wakati huo nchi yake haikuwepo kwenye ramani, kwani tangu 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana yote. Alipoanza kuandika magazetini alitumia jina la Litwos. Mwaka 1885 mkewe Maria alifariki kwa kifua kikuu, akamwachia watoto wawili wadogo.

Mwaka 1891 alifika Zanzibar, akavuka hadi Bagamoyo, walikokuwa wamisionari wa Roho Mtakatifu. Alitamani kwenda mbali zaidi bara, lakini homa ya malaria ilimrudisha.

Mwaka 1895 alianza kuchapisha gazetini riwaya yake Quo Vadis, inayosimulia Wakristo wa Roma zama za Nero. Ndani yake yumo msichana aitwaye Lygia. Hilo si jina lake la kuzaliwa. Yeye ni Callina, binti wa mfalme wa Walygia, aliyekabidhiwa kwa Warumi utotoni kama dhamana ya amani. Aulus na mkewe Pomponia wakamlea kama mwana wao. Kijana Vinicius alipompenda, Lygia alichora samaki mchangani. Vinicius hakuelewa kwamba msichana huyo ni Mkristo.

Kisha Nero akamdai. Aulus, pamoja na heshima yake yote, hakuweza kumzuia, kwa kuwa kisheria Lygia hakuwa mtoto wake. Aliyebaki kumlinda ni Ursus, mtumishi aliyetoka naye kwao, pamoja na Wakristo waliomhesabu kuwa dada yao.

Sisi wa Kibondo na Kasulu jambo hili si geni kwetu. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, na wapo watoto waliokulia katika nyumba zisizo za ukoo wao. Karatasi zinapodaiwa, mlezi anaweza kusimama mikono mitupu kama Aulus. Ndipo jumuiya inapopaswa kusimama naye.

Sienkiewicz alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1905. Alifariki Vevey, Uswisi, tarehe 15 Novemba 1916, miaka miwili kabla Poland haijapata tena uhuru wake. Mwaka 1924 mwili wake ulirudishwa Warszawa, ukazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane.